Dawa Hizi Zilitoka Wapi? Somo Kutoka Maisha ya Mkemia Gertrude Elion

Muuguzi anapofungua kabati la dawa asubuhi hukutana na majina aliyoyazoea kama majina ya majirani: Septrin, SP, allopurinol, acyclovir. Nanyi wazazi mnayajua baadhi yake, maana mmeyaona yameandikwa kwenye bahasha ndogo mnazopewa pale dirishani. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza dawa hizi zilitoka wapi? Nani aliketi akafikiri hata zikapatikana?

Mwezi huu tutajifunza habari za mwanamke mmoja mkemia aliyeitwa Gertrude Elion. Dawa zote nne nilizozitaja zimetokana na kazi yake, au kazi ya kundi la watafiti ambalo alifanya nalo kazi kwa miaka karibu 40. Nawaeleza habari hizi kwa sababu moja. Nimeona mara nyingi kwamba mtu anayeelewa jinsi dawa ilivyofikiriwa na jinsi inavyofanya kazi, hataki tena kumeza nusu yake na nusu nyingine kuificha chini ya godoro.

Msichana aliyempoteza babu yake

Gertrude Elion alizaliwa katika mji wa New York, Marekani, tarehe 23 Januari 1918. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Baba yake alikuwa daktari wa meno, lakini mwaka 1929 biashara za hisa zilipoanguka nchini humo alipoteza mali yake. Familia ikabaki na kipato kidogo.

Alipokuwa na umri wa miaka 15, babu yake aliyempenda sana alikufa kwa kansa ya tumbo. Msichana yule alimwona babu akidhoofika hospitalini, na madaktari hawakuwa na la kufanya. Ndipo alipoamua kwamba atasoma sayansi ili siku moja asaidie kupata dawa ya kansa. Akajiunga na Hunter College, chuo cha wasichana ambacho wakati ule hakikutoza ada. Akamaliza mwaka 1937 akiwa amefaulu sana katika somo la kemia.

Milango iliyofungwa

Mtadhani kwamba msichana mwenye matokeo kama hayo alipokelewa kwa mikono miwili. Sivyo. Aliomba msaada wa masomo katika vyuo vikuu 15, vyote vikamnyima. Alipotafuta kazi katika maabara aliambiwa hawaajiri wanawake. Mahali pamoja walimweleza wazi kwamba mwanamke kijana angewavuruga akili wanaume waliokuwa kazini.

Basi akafanya kazi alizozipata. Kwa miezi mitatu alifundisha kemia ya mwili wa binadamu katika shule ya wauguzi pale New York. Mimi kama muuguzi hufurahi ninapolikumbuka jambo hilo. Baadaye alikubali kumsaidia mkemia mmoja bila mshahara, ili tu apate kuzoea kazi ya maabara. Alipokuwa ameweka akiba kidogo akajiunga na Chuo Kikuu cha New York mwaka 1939. Mchana alifundisha kemia na fizikia katika shule za sekondari, na usiku na siku za mwisho wa juma alifanya utafiti wake. Mwaka 1941 alipata shahada ya pili. Katika darasa lake la kemia alikuwa mwanamke peke yake.

Mwaka huohuo wa 1941 alipata pigo la pili. Kijana aliyekuwa amchumbie aliugua ugonjwa ambao bakteria hushambulia vali za moyo, naye akafa. Miaka michache tu baadaye penisilini ilianza kupatikana, na ugonjwa ule ukawa na tiba. Gertrude Elion hakuolewa tena maisha yake yote. Na mwaka 1956 mama yake alifariki kwa kansa ya shingo ya kizazi. Kwa hiyo mtu huyu alipokuwa akitafuta dawa, alijua maana ya kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa mikono mitupu.

Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume wengi, milango ya maabara ilifunguka kidogo kwa wanawake. Kwanza alipata kazi ya kupima ubora wa vyakula, kama vile kupima ukali wa achari. Mwaka 1944 akaajiriwa na kampuni ya dawa ya Burroughs Wellcome, akiwa chini ya mtafiti aliyeitwa George Hitchings. Jioni alisafiri kwenda chuoni kutafuta shahada ya udaktari wa falsafa. Baada ya muda chuo kikamwambia aache kazi asome mchana kutwa. Alichagua kubaki na kazi. Hivyo hakuipata shahada ile kwa kukaa darasani, ingawa miaka ya baadaye vyuo vikuu vingi vilimpa shahada za heshima.

Njia mpya ya kutafuta dawa

Zamani dawa nyingi zilipatikana kwa kujaribujaribu. Watafiti walichukua vitu vingi, wakawapa wanyama wagonjwa, wakangoja waone kipi kitafaa. Hitchings na Elion walianza na swali: Kijidudu kinahitaji nini ili kiishi na kuzaana? Na kinatofautiana wapi na mwili wa mgonjwa?

Tuchukue mfano wa fundi mwashi. Fundi hawezi kupandisha nyumba bila matofali. Vivyo hivyo kila chembe hai, iwe ya mwili wetu, ya bakteria au ya kansa, haiwezi kugawanyika na kuwa mbili bila kwanza kujenga vinasaba vipya. Matofali ya vinasaba hivyo ni kemikali ziitwazo purini na pirimidini. Kazi ya kuyatengeneza na kuyapanga hufanywa na vimeng'enya, ambavyo tunaweza kuviita vibarua wa chembe.

Sasa, itakuwaje ukimletea fundi tofali linalofanana kabisa na mengine kwa nje, lakini halishiki udongo? Atalipokea, ataliweka ukutani, na ujenzi utaishia hapo. Hivyo ndivyo walivyofikiri watafiti hawa. Wakaanza kutengeneza matofali ya bandia, moja baada ya jingine. Elion alipewa upande wa purini. Kumbukeni kwamba walianza kazi hii kabla ya mwaka 1953, ambapo ndipo umbo la vinasaba lilipojulikana. Walikuwa kama watu wanaotembea gizani, lakini mkononi walishika kamba ya swali lao.

Kansa ya damu kwa watoto

Tofali la bandia lililomfanya Elion ajulikane ni dawa iitwayo mercaptopurine. Ilikubaliwa kutumika nchini Marekani mwaka 1953. Siku zile mtoto aliyepata kansa ya damu ya ghafla alikuwa na miezi michache tu ya kuishi. Kwa dawa hii watoto walianza kupata nafuu, wakainuka kitandani na kucheza. Lakini ikitumiwa peke yake ugonjwa ulirudi, na watoto walikufa. Jambo hilo lilimwumiza sana Elion.

Hakukata tamaa, wala madaktari hawakukata tamaa. Baadaye waligundua kwamba dawa kadhaa zikitolewa kwa pamoja, na kwa muda mrefu, kansa haipati nafasi ya kurudi. Leo, katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanaopata aina ya kansa ya damu iliyo ya kawaida kwa watoto hupona. Na mercaptopurine bado ni mojawapo ya dawa hizo. Mtoto huimeza kila siku kwa muda wa miaka karibu miwili, hata kama anaonekana mzima na anakwenda shule.

Wazazi, hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza: mtoto akipauka, akipata homa zisizokwisha, akitokwa damu kwenye fizi au puani, akilalamika mifupa inauma, au akivimba tezi, msimzungushe kwa majirani. Mleteni hospitali apimwe damu. Kansa za watoto hutibiwa hapa nchini, katika hospitali kama Muhimbili na Bugando. La pili: mtoto aliyeanza tiba asiachishwe kwa sababu amenenepa na anacheza. Kuacha katikati ndiko kunakoipa kansa nafasi ya kurudi.

Figo ya mtu mwingine

Watafiti wengine waligundua kwamba mercaptopurine hupunguza pia nguvu ya kinga ya mwili. Kwa kawaida hilo ni jambo la hatari. Lakini mtu akiwekewa figo ya mtu mwingine, kinga yake huiona ile figo kama adui na kuiharibu. Mwaka 1954 daktari Joseph Murray wa Boston alifaulu kupandikiza figo, lakini ilikuwa kwa ndugu mapacha wa kufanana, ambao miili yao haikataani.

Elion na wenzake walikuwa wametengeneza dawa iliyo ndugu wa mercaptopurine, iitwayo azathioprine. Daktari wa upasuaji kijana kutoka Uingereza, Roy Calne, aliijaribu kwa mbwa waliopandikizwa figo, na ikafaa. Mwaka 1962 Murray akaitumia kwa mgonjwa aliyepewa figo ya mtu asiye ndugu yake, na figo ile ikafanya kazi. Huo ukawa mwanzo wa kupandikiza viungo kama tunavyokujua leo. Nchini kwetu figo ya kwanza ilipandikizwa Muhimbili mwaka 2017. Dawa nyingine za kutuliza kinga zimekwisha kuongezwa, lakini njia ilifunguliwa na azathioprine.

Dawa ya jongo iliyopatikana kwa bahati njema

Mercaptopurine ilikuwa na udhaifu mmoja: mwili huivunja haraka. Elion na wenzake wakatafuta kitu cha kumzuia kibarua anayeivunja. Kitu hicho ni allopurinol. Walipokuwa wakiichunguza waliona kwamba kibarua huyohuyo ndiye anayetengeneza asidi ya yuriki. Akizuiwa, asidi hiyo hupungua katika damu.

Asidi ya yuriki ikizidi hugeuka kuwa chembechembe kali kama sindano ndani ya viungo. Huo ndio ugonjwa wa jongo, ambao mara nyingi huanza kwa kidole gumba cha mguu kuvimba na kuuma usiku, hata shuka likigusa mtu hupiga kelele. Allopurinol ilianza kutumika kwa jongo mwaka 1966, na mpaka leo ndiyo dawa yake kubwa.

Wazee wetu wenye jongo wakumbuke mambo matatu. Allopurinol hairukwi: humezwa kila siku kama mganga alivyoelekeza, kwa kuwa hupunguza asidi polepole. Si dawa ya kutuliza maumivu ya usiku ule. Pia anayeimeza akiota vipele mwilini aiache na aje hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa huzuia mercaptopurine na azathioprine zisivunjwe, mgonjwa wa dawa hizo asipewe allopurinol bila daktari kujua, maana dawa itajaa mwilini kama sumu. Pombe, hasa bia, na nyama nyingi pamoja na maini na figo, huongeza jongo. Maji ya kutosha husaidia.

SP na Septrin: dawa tunazozijua wote

Tuje sasa kwa dawa zilizoingia karibu kila nyumba. Bakteria na vimelea vya malaria hujitengenezea wenyewe vitamini iitwayo foleti, ambayo bila hiyo matofali ya vinasaba hayatengenezwi. Sisi binadamu hatuitengenezi, huipata katika chakula kama mboga za majani na maharage. Hiyo ndiyo tofauti iliyokuwa ikitafutwa.

Dawa za salfa huzuia hatua moja ya kazi hiyo. Kundi la Hitchings lilitengeneza dawa mbili zinazozuia hatua inayofuata. Pyrimethamine humshika kibarua wa vimelea vya malaria, na trimethoprim humshika kibarua wa bakteria. Sisi nasi tunaye kibarua wa namna hiyo, lakini umbo lake ni tofauti kidogo, hivyo dawa humshika kwa udhaifu sana. Ni kama ufunguo unaofungua kufuli la jirani lakini lako haulifungui.

Ukiunganisha salfa na pyrimethamine unapata SP. Ukiunganisha salfa na trimethoprim unapata Septrin, ambayo wataalamu huiita cotrimoxazole. Adui hufungiwa milango miwili kwa wakati mmoja.

Kazi ya Septrin kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI imekuwa kubwa. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika Zambia kwa watoto 541 wenye virusi hivyo. Watoto waliopewa cotrimoxazole kila siku walipungukiwa na vifo kwa asilimia 43 wakilinganishwa na wale ambao hawakuipata. Ni dawa ya bei ndogo, ya zamani, lakini iliwakinga na nimonia na maambukizi mengine.

Kilichotokea kwa SP

Hapa ndugu zangu nataka tusimame kidogo. Pyrimethamine ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1954 tayari wataalamu waliandika kwamba kulikuwa na vimelea vya malaria vya Afrika Mashariki visivyosikia dawa hiyo. Ilipounganishwa na salfa ikapata nguvu tena. Mwaka 2001, klorokwini ilipokuwa imeshindwa, Tanzania iliifanya SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kuondolewa katika nafasi hiyo na kupisha dawa ya mseto, ALu. Haikufikisha miaka sita.

Ilikuwaje? Baadhi ya vimelea vilibadilika kidogo katika umbo la yule kibarua. Kufuli likabadilika, ufunguo ukakataa kuingia. Vimelea vya namna hiyo huwa vichache mwanzoni. Lakini dawa ikitumika ovyo, kwa kila homa bila kupima, au kwa kipimo kidogo kisichotosha, vimelea dhaifu hufa na vile sugu hubaki peke yao, vikizaana bila mshindani. Mbu naye huvichukua na kuvipeleka kwa mtoto wa jirani. Kwa hiyo usugu hauishii kwa yule aliyekosea.

Nakumbuka mama mmoja aliyemleta mtoto wake akiwa na nimonia kali. Nilipomwuliza kama ametumia dawa yoyote nyumbani, alifungua fundo la khanga akanionyesha vidonge vinne vya Septrin. Vilikuwa vimebaki kwa kaka yake mtoto, aliyekuwa mgonjwa miezi mitatu nyuma. Kaka alipopata nafuu siku ya pili, mama alivihifadhi vilivyobaki "kwa ajili ya siku nyingine". Siku hiyo nyingine ilipofika, alimpa mdogo mtu kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku mbili, kisha akaacha ili vingine visiishe. Mtoto yule tulimtibu kwa dawa za sindano na oksijeni, na kwa neema ya Mungu alipona. Mama yule alikuwa mtu mwangalifu anayejua shida ya fedha. Hakuna mtu aliyekuwa amemkalisha chini na kumweleza. Lawama hiyo ni yetu pia sisi watumishi wa afya.

Dawa inayofunguliwa na mwizi mwenyewe

Mwaka 1967 Hitchings aliacha kazi ya maabara, na Elion akawa mkuu wa idara yake mwenyewe. Mwaka 1970 kampuni ilihamia jimbo la North Carolina. Hapo yeye na wenzake walishughulikia dawa iitwayo acyclovir. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba haiwezekani kuua virusi bila kuua chembe za mgonjwa, kwa sababu virusi hukaa ndani ya chembe hizo.

Mkemia mwenzake, Howard Schaeffer, ndiye aliyebuni dawa yenyewe, na kundi la Elion likachunguza jinsi inavyofanya kazi. Acyclovir ikiingia katika chembe yenye afya hulala tu, haifanyi kitu. Lakini virusi vya malengelenge vina kimeng'enya chao cha pekee, nacho ndicho kinachoiamsha dawa. Ikisha kuamka huzuia virusi visijenge vinasaba vyao. Ni kama mwizi anayefungua sanduku kwa ufunguo wake mwenyewe, kumbe ndani mna mtego. Dawa ilikubaliwa kutumika mwaka 1982. Hapa kwetu huwasaidia hasa wenye mkanda wa jeshi na malengelenge ya sehemu za siri. Ukiona malengelenge yenye maumivu makali yamejipanga upande mmoja wa mwili, njoo hospitali ndani ya siku tatu za kwanza, ndipo dawa hufaa zaidi. Usingoje mpaka vidonda vikauke.

Elion alistaafu mwaka 1983. Watafiti aliowalea katika idara yake walishiriki katika kuifanya zidovudine, au AZT, kuwa dawa ya kwanza ya virusi vya UKIMWI iliyokubaliwa, mwaka 1987. Yeye mwenyewe hakujidai kwamba ni kazi yake. Alisema sifa ni ya wale vijana. Baada ya kustaafu aliendelea kufundisha wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Duke, na alitumika katika kamati za Shirika la Afya Duniani za utafiti wa magonjwa ya nchi za joto.

Heshima aliyopewa

Mwaka 1988 Elion, Hitchings na Sir James Black wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwanamke aliyenyimwa na vyuo 15, na asiye na shahada ya udaktari ya darasani, alisimama mbele ya mfalme wa Sweden. Hata hivyo tuzo ile ilitolewa kwa njia yao ya kufikiri kuliko kwa dawa moja. Leo duniani pote watafiti wa dawa huanza na lile swali lao: adui anatofautiana wapi na mgonjwa?

Alifariki tarehe 21 Februari 1999 akiwa na miaka 81. Alizitunza barua za wagonjwa waliopona kwa dawa zake, na alipenda kusema kwamba zilimfurahisha kuliko tuzo zote.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tumia dawa baada ya kupimwa. Homa si lazima iwe malaria, na mafua hayasikii Septrin, maana huletwa na virusi na Septrin ni ya bakteria.

2. Maliza dozi kama ulivyoelezwa, hata ukijisikia mzima siku ya pili. Dawa isibaki, na iliyobaki isipewe mtu mwingine.

3. Mama mjamzito, SP ungali unaihitaji. Ingawa haitumiki tena kutibu malaria, bado humkinga mama na mtoto aliye tumboni. Hutolewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikipita, kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, mara tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Imeze mbele ya muuguzi, usiipeleke nyumbani.

4. Mama anayemeza Septrin kila siku asipewe SP. Zote mbili zina salfa. Mwambie muuguzi.

5. Vidonge vya foliki asidi vya kiwango kikubwa, miligramu 5, hupunguza nguvu ya SP, kwa sababu humpa adui ileile foleti tuliyokuwa tunamnyima. Kunywa vile unavyopewa kliniki, usijinunulie vingine.

6. Aliyewahi kuota vipele, kuvimba midomo au kubabuka ngozi baada ya dawa ya salfa, aandikiwe jambo hilo kwenye kadi yake na alitaje kila anapotibiwa. Asimeze tena Septrin wala SP.

Ndugu wasomaji, kidonge kimoja cha SP ni kitu kidogo. Ndani yake mna miaka mingi ya watu waliokaa usiku maabara wakiuliza na kujibu. Kazi ya miaka hiyo yote inaweza kulindwa au kuharibiwa pale mezani kwako, jioni, wakati wa kumeza kidonge cha mwisho.

Maswali ya kuzungumza katika familia

1. Katika nyumba yetu kuna dawa zilizobaki? Zilibaki kwa nini? (Zirudisheni zahanati, msizitupe chooni wala jalalani.)

2. Kwa nini SP haifai tena kutibu malaria, lakini bado hutolewa kwa wajawazito?

3. Je, kuna binti katika familia yetu anayependa hesabu au sayansi? Nani anamtia moyo, na nani anamfungia mlango?